Kupata na Kutunga: Kitenzi trobar na Mzozo wa Asili Yake

Kila anayesomea fasihi linganishi hukutana mapema na neno trubaduri, na aghalabu huelezwa kwa sentensi moja tu: kwamba huyu alikuwa mshairi na mwimbaji wa kusini mwa Ufaransa katika karne ya 12 na ya 13, aliyetunga kwa Kioksitani na kuyasifu mapenzi ya mabwana na mabibi wa makasri. Maelezo hayo si ya uongo. Lakini yanaliruka jambo ambalo lingemshughulisha msomaji yeyote wa ushairi, nalo ni kwamba jina lenyewe, trobador, latokana na kitenzi trobar, na kwamba kitenzi hicho kina maana mbili zilizokaa pamoja bila kugombana: kutunga wimbo, na kupata kitu kilichopotea au kilichofichika. Mchungaji aliyemwona mbuzi wake bondeni baada ya kumtafuta kutwa nzima, na mshairi aliyekamilisha ubeti wake, walitajiwa kitendo kwa neno moja. Lugha haikuona haja ya kuwatenga.

Jamii ya kitenzi hiki ni kubwa. Kifaransa kina trouver, Kiitaliano kina trovare, na Kikatalani kina trobar sawa na Kioksitani. Kaskazini mwa Ufaransa mshairi aliitwa trouvère, na huko kusini mwanamke mwenye kazi iyo hiyo aliitwa trobairitz. Ajabu ni kwamba Kilatini cha Cicero hakikukijua kitenzi hiki. Mrumi aliyepata kitu alisema invenire, yaani kukijia kitu hadi ukakikuta, au reperire. Vitenzi vyote viwili vilififia vinywani mwa watu wa kawaida, na kila jimbo la dola iliyovunjika likajitafutia kingine. Kihispania kina hallar, Kireno achar, na Kiromania afla. Vyote vitatu hunasibishwa na afflare, kupulizia, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba huu ulikuwa usemi wa wawindaji: mbwa huvuta pumzi, na harufu ya mnyama ikamjia puani. Katika mabonde ya Uswisi ambako Kiromanshi huzungumzwa, kupata ni chattar, kutoka captare, kujaribu kunasa. Yamkini, basi, watu walioachana na neno la wasomi walikimbilia porini, wakajiazimia maneno ya watu wenye njaa.

Ni katika hali hiyo ndipo hoja ya Friedrich Diez inapoeleweka. Diez, profesa wa Bonn aliyezaliwa 1794 na kufariki 1876, ndiye anayehesabiwa kuwa mwasisi wa uchunguzi wa kisayansi wa lugha za Kiromansi. Katika kamusi yake ya etimolojia iliyotoka 1853, alikinasibisha trobar na kitenzi cha Kilatini turbare, kuvuruga. Mvuvi huyavuruga maji ili samaki watoke mafichoni na kuingia wavuni. Kuvuruga kukawa kutafuta, na kutafuta kukawa kupata. Mantiki yake ni nyoofu, na ina harufu ya maisha ya kweli. Kama hallar ni neno la mwindaji, kwa nini trobar lisiwe la mvuvi?

Aliyempinga alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe. Gaston Paris alikwenda Bonn akiwa kijana katika miaka ya 1850 kusoma kwa Diez, akarejea Ufaransa na, pamoja na Paul Meyer, akaanzisha jarida la Romania mwaka 1872. Heshima yake kwa mwalimu haikupungua kamwe, lakini turbare hakuikubali. Alipendekeza badala yake umbo *tropare, ambalo wanaisimu hulitanguliza kwa kinyota kwa sababu halionekani katika maandishi yoyote yaliyosalia. Umbo hilo alilitoa katika tropus, neno la Kigiriki lenye maana ya mgeuko, ambalo wanabalagha wa Kirumi walilitumia kwa tamathali ya usemi. Baadaye kanisa lililitumia kwa maneno na sauti zilizoongezwa ndani ya wimbo wa ibada. Abasia ya Mtakatifu Martial huko Limoges ilisifika kwa nyongeza za aina hiyo katika karne ya 10 na ya 11, na Limoges imo katika ardhi ya Kioksitani, karibu na Poitiers alikotawala Guilhem wa 9 wa Aquitaine (1071–1126), trubaduri wa kwanza ambaye kazi zake zimetufikia. Kwa hiyo, kwa mujibu wa Paris, kutunga ndiko kulikotangulia: kubuni wimbo, kisha kubuni chochote, kisha kugundua, na mwisho kupata tu, hata kama ni mbuzi.

Kati ya hoja hizi mbili, sauti zatoa ushahidi ambao si rahisi kuukwepa. Msomaji wa Kiswahili anaijua kanuni hii vyema: palipo na ch ya Kiunguja katika cheka na machozi, Kimvita huwa na t, teka na matozi, na mfuatano huo haubabaiki. Ndivyo ilivyo katika lugha zilizozaliwa na Kilatini. Kilatini sapere, kujua, ni saber kwa Kioksitani. Ripa, ukingo wa mto, ni riba. Lakini habere, kuwa na kitu, ni aver, na faba, kunde za Ulaya, ni fava. Yaani p iliyokuwa baina ya irabu mbili huwa b, ilhali b iliyokaa hapo huwa v. Kifaransa hakisaidii chochote hapa, kwa kuwa huzigeuza zote mbili kuwa v: savoir na avoir. Kioksitani ndicho shahidi, na ushahidi wake ni trobar, kwa b. Hata kama turbare ingehamisha r yake na kuwa *trubare, matokeo yangetarajiwa kuwa *trovar. Irabu nayo yanena hivyohivyo. Kifaransa cha kale kilisema il trueve, kama kilivyosema nuef kutokana na novus, na Kiitaliano hutamka trova kwa o iliyo wazi. Zote ni dalili ya o fupi ya Kilatini, ambayo imo katika tropus na haimo katika turbare. Kiitaliano torbido, kilichotokana na jamii ya turbare, kina o iliyofumba. Isitoshe, turbare haikupotea: iliendelea kuishi katika Kioksitani kama torbar, kusumbua, bila kujifanya kitu kingine.

Pamoja na hayo, mwishoni mwa karne ya 19 alijitokeza mtetezi wa turbare ambaye hakuwa mtu wa kupuuzwa. Hugo Schuchardt wa Graz alikuwa ametoa mwaka 1885 kijitabu cha kuwashambulia wale walioshikilia kwamba kanuni za sauti hazina vighairi. Kwake, neno halijulikani mpaka kijulikane kitu kinachotajwa nalo, na kwa imani hiyo alikusanya istilahi za wavuvi na za zana zao katika lugha nyingi, aonyeshe kwamba kuvuruga na kupata ni mambo yanayokaribiana kila mahali penye mto. Ni rahisi leo kumwona Schuchardt kuwa mkaidi. Lakini swali lake lilikuwa la haki, na waliomjibu kwa kanuni za sauti peke yake hawakulijibu. Neno la watawa lenye maana ya tamathali au nyongeza ya wimbo lilifikaje kwenye kinywa cha mkulima wa Picardie asiyejua kusoma, na kuwa neno lake la kila siku la kupata? Katika Wimbo wa Roland, uliotungwa kwa Kifaransa cha kale yapata 1100, kitenzi hiki kimekwisha kuwa na maana ya kupata, kikavu na bila kumbukumbu yoyote ya muziki. Maneno ya kitaaluma huchukua muda kushuka sokoni, na mengine hayashuki kabisa.

Huenda daraja likapatikana katika neno jingine la ukoo huohuo ambalo, tofauti na *tropare, limeandikwa. Katika sheria za Wavisigothi za karne ya 7 mna contropatio, kulinganisha hati mbili ili kuthibitisha mwandiko. Hakimu aliyeletewa wasia wenye shaka alitafuta maandishi mengine ya mtu yuleyule, akayaweka kando kwa kando, akaamua. Hapa mgeuko si wa wimbo bali ni wa macho, kutoka hati hii hadi ile, na kinachotafutwa ni ukweli. Kutoka kulinganisha hadi kubaini, na kutoka kubaini hadi kupata, si safari ndefu, na mahakama ni mahali ambapo mkulima hulazimika kwenda. Ushahidi huu ni mdogo, lakini una uzito kuliko werevu mwingi uliotumika katika mjadala huu. Kamusi kubwa za Kifaransa zimeegemea *tropare, kinyota na yote.

Pengine habari ingeishia hapo, na isingemhusu mtu yeyote nje ya idara za lugha za Ulaya, lau si jibu la tatu. Mwaka 1928 yalichapishwa maandishi ya Julián Ribera, Mhispania aliyebobea katika Kiarabu, ambaye mwaka 1912 alikuwa amekwisha kuushtua ulimwengu wa wasomi wa kwao kwa hotuba juu ya diwani ya Ibn Quzman, mshairi wa Cordoba aliyefariki 1160. Ribera aliuliza: mbona kitenzi cha kuimba na kutunga, kilichochipuka kaskazini tu mwa Andalusia, hakijawahi kulinganishwa na tarab ya Kiarabu, yaani msisimko unaomshika msikilizaji wa muziki, na kitenzi chake chenye maana ya kuimba na kuburudisha? Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Ndilo lililokuja Unguja na kuwa tarabu, au taarab. Na mwaka huohuo wa 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Kusadifiana huko hakuthibitishi lolote, lakini kuna ladha yake.

Jibu la Ribera halikupingwa, liliachwa tu. Kwa nusu karne hivi wanafilolojia wa Kiromansi waliendelea kubishana juu ya turbare na tropare kana kwamba hakuna aliyesema jambo la tatu. María Rosa Menocal, aliyefariki 2012, aliirejelea hoja hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akachapisha mwaka 1987 kitabu kizima juu ya mchango wa Waarabu katika historia ya fasihi ya zama za kati. Shtaka lake lilikuwa zaidi juu ya taaluma kuliko juu ya neno. Alidai kwamba asili ya Kiarabu ilikataliwa kabla ya kuchunguzwa, kwa sababu picha ambayo Ulaya ilijichorea haikuwa na nafasi ya deni la namna hiyo. Waliokubali bila taabu kwamba kinanda cha luth kimetokana na al-ud, kikiwa kimebeba hata kiambishi cha Kiarabu, walisita pale lilipotajwa neno la mshairi mwenyewe. Kumwazima fundi chombo ni jambo dogo. Kumwazima sauti yake ni jambo jingine.

Shtaka hilo ni la kweli, na hata hivyo neno lenyewe halimtii Menocal. Kama trobar ingalivuka kutoka Andalusia, ingetarajiwa kuacha nyayo zake kwanza katika lugha zilizoishi na Waarabu kwa karne nyingi. Lakini Kihispania na Kireno ndizo zilizobaki na hallar na achar kwa maana ya kupata, na trovar ya Kihispania, ambayo maana yake ni kutunga mashairi tu, iliazimwa kutoka kwa Waoksitani. Irabu ya tarab ni a, si o, na pengo hilo lahitaji kuzibwa kwa maelezo ya ziada. Halafu pana ile maana ya kupata, iliyokuwa imeenea hadi kaskazini mwa Ufaransa wakati Guilhem alipokuwa bado kijana. Mhakiki anayeona uchungu kwa jinsi Waarabu walivyofutwa katika historia hiyo atatamani Ribera awe sahihi. Kutamani si ushahidi.

Lakini neno likikataa, je, sanaa nayo imekataa? Hapa ndipo wapinzani wa Ribera walipoteleza, maana walidhani wamezishinda hoja mbili kwa pigo moja. Baba yake Guilhem alishiriki katika kuuteka mji wa Barbastro mwaka 1064, na wanahistoria wa Andalusia wameandika juu ya mateka waliochukuliwa humo, wakiwamo wanawake waimbaji. Mwaka 1948 S. M. Stern alionyesha kwamba muwashaha za Kiebrania za Andalusia zilimalizikia kwa mishororo ya Kiromansi: lugha mbili zimekaa ndani ya wimbo mmoja, bila wanafilolojia kuombwa ruhusa. Kisha pana umbo lenyewe. Guilhem ana wimbo wa kuaga, ambamo mtawala anaiacha Poitou na kumhofia mwanawe mdogo atakayebaki katikati ya maadui. Kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo una mizani nane. Mishororo mitatu ina kina kimoja, na wa nne unarudia kina kilekile tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Zajal ya Ibn Quzman ina mpangilio wa namna hiyo, watatu na mmoja unaorejea. Na mwanafunzi wa Kiswahili aliyewahi kuhesabu mizani ya Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ni ya 1728, atakuwa amekwisha kutabasamu.

Tabasamu hiyo na isigeuke haraka kuwa nadharia. Nyimbo za Kilatini za Limoges nazo zina mpangilio huo, na popote penye kiongozi anayeimba na kundi linaloitikia, kina cha kuitikia hujitokeza chenyewe. Umbo hilo laweza kuazimwa; laweza pia kuzaliwa mara nyingi. Ila inafaa kukumbuka jinsi mfano huohuo ulivyoamuliwa tofauti katika pande mbili za dunia. Ulaya, ubeti wa Guilhem ulipofanana na ule wa Waarabu, wengi walisema ni sadfa. Pwani ya Afrika Mashariki, ubeti wa utendi ulipofanana na musammat ya Kiarabu, wataalamu wa enzi ya ukoloni na waliowarithi hawakuhitaji ushahidi zaidi: Waswahili wameazima. Kitabu cha Ibrahim Noor Shariff, Tungo Zetu, kilichotoka 1988, kiliandikwa dhidi ya mazoea hayo, na baadhi ya wasomaji walikiona kuwa cha utetezi mno. Labda. Lakini anayekiona hivyo hana budi kuupima kwa mizani iyo hiyo utetezi wa karne nzima uliofanywa kwa niaba ya Guilhem, ambao haukuitwa utetezi, uliitwa filolojia.

Na istilahi zenyewe za pwani zinaonyesha jinsi neno lisivyoweza kuwa hati ya umiliki wa sanaa. Shairi ni neno la Kiarabu. Mzizi wake wahusu kuhisi na kutambua, na shaa'ir ni yule ahisiye wanayopita wengine. Lakini anayelifanya shairi kwa Kiswahili haitwi kwa mzizi huo. Huyu ni mtunzi, na kutunga ni neno la Kibantu: kutia shanga uzini, kutia samaki utini, mmoja baada ya mwingine, hadi uwe mtungo. Mgiriki alimwita mshairi wake mfanyaji. Mwoksitani alimwita mpataji. Mswahili amemwona akiwa ameinama juu ya uzi, na shanga ziko mbele yake tayari. Kazi ni kuzipanga zisianguke. Kati ya wote hawa, Mswahili na Mwoksitani ndio walio karibu zaidi, kwa kuwa wote wawili hawamdhanii mshairi kuwa ameumba kitu pasipo na kitu. Hata invenire ya wasomi wa Kirumi ilikuwa na unyenyekevu huo: inventio, hatua ya kwanza ya balagha, ilikuwa kupata hoja zilizokuwapo, si kuzizua. Dhana kwamba mbunifu hutoa kila kitu kifuani mwake ilikuja baadaye sana.

Matrubaduri wenyewe hawakulichukulia neno lao kijuujuu. Walikuwa na trobar leu, utungo mwepesi, na trobar clus, utungo uliofungwa, ambao msikilizaji alipaswa kuusumbukia kabla haujamfungukia. Giraut de Bornelh na Raimbaut d'Aurenga walijibizana juu ya mambo hayo katika utungo mmoja, kila mmoja akishika upande wake, kwa namna ambayo mwanafunzi wa mafumbo ya Muyaka angeifurahia. Katika trobar clus, kupata kunamhamia msikilizaji: mtunzi huficha, naye hutafuta. Tungo zipatazo 2,500 zimesalia, na kinyota cha *tropare kingali mahali pake.

Kusini mwa milima ya Pyrenees kitenzi hicho hakijachakaa. Mjini Barcelona, mtu aliyeupoteza ufunguo wake kisha akauona chini ya kiti husema amefanya trobar, na hakuna anayemwuliza wimbo uko wapi.